Bolti ya Pili

Tarehe 4 Februari

Kaka,

Pokea salamu zangu, na za mama pia, ambazo ni ndefu kuliko karatasi hii kwa hiyo nazikata: anauliza kama humo gerezani unalala kwenye godoro au sakafuni, kama umekonda, na kama askari wa huko ni watu wa utu. La godoro ndilo linalomkosesha usingizi, usilisahau.

Mimi mzima. Kule kwa dobi wamenitoa kwenye kufua wakaniweka kwenye pasi. Kutwa napiga pasi mashuka ya hoteli, nikirudi nyumbani hata jasho langu linanuka mvuke. Mama mguu wake bado. Kidonda kinataka kupona, kisha kinaghairi. Kila Jumatatu na Alhamisi tunakwenda hospitali kukisafisha, na anayetupeleka ni skuta yako. Mama bado anaiita "mkwe wangu," kwa kuwa wewe hukuoa, mapenzi yote uliyamalizia pale. "Mkwe huyu hapiki," anasema, "lakini ananibeba, na hanijibu."

Sasa lililonishikisha kalamu ni hilo hilo. Mkwe anaumwa. Nikiiwasha asubuhi inakwaruza kama mtu anayetafuna changarawe. Tangu walipokuchukua hakuna aliyeibadilishia oili. Nimeikokota mpaka uchochoro wa mafundi. Yule wa kona akafuta mikono, akaiinamia, akaijua.

"Hii si ya yule wa basi?"

Nikasema ndiyo, ya kaka yangu.

"Dada, shemeji yangu alikuwa ndani ya basi lile. Sina ugomvi na wewe. Ila mkono wangu haugusi chuma cha bwana yule."

Wenzake wote wakaanza kutafuta spana zao chini. Sikubisha. Mtu aliyefiwa utamwambia nini? Nikaikokota nikarudi.

Basi nifundishe wewe. Najua utacheka. Najua uliniita Chiriku kwa sababu sijawahi kusikiliza jambo mpaka mwisho. Safari hii nitasikiliza. Hospitali ni mbali, na mama hawezi kutembea hata mpaka dukani.

Na rufaa imefikia wapi? Mama kila akimaliza kula anauliza.

Mdogo wako


Tarehe 21 Februari

Chiriku wangu,

Mwambie mama nalala kwenye godoro. Ukimsomea barua hii, ukifika hapa piga chafya, uruke mstari unaofuata. Ni sakafu. Askari wapo wa kila namna, kama watu. Kukonda nimekonda, lakini nilikuwa na kitambi, kwa hiyo sasa ndio nimekuwa kijana.

Yule fundi wa kona usimwekee kinyongo. Alitoa ushahidi mahakamani akalia, nami namtazama. Breki za basi lile nilizifunga mimi. Nilimwambia hakimu hivyo, sikuzunguka. Mtu kama yeye akinipa mgongo ana haki yake.

Rufaa inakwenda. Mambo ya mahakama ni kobe. Mwambie mama asile huku anaiwaza, chakula hakitashuka.

Sasa sikiliza. Nilikuchorea tumbo lote la injini, kila kitu mahali pake, mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Askari anayekagua barua akautoa. Kasema michoro hairuhusiwi, mtu anaweza kuchora njia ya kutorokea. Nikamwambia, afande, hiyo ni skuta. Akasema, na skuta si ndiyo ya kutorokea? Basi, itabidi yawe maneno matupu.

Washa injini kidogo ipate joto, oili ilainike. Izime. Isimamishe kwa stendi ya katikati, mahali tambarare. Weka beseni kuukuu chini yake. Inama uangalie chini ya injini, upande wa kushoto, utaona bolti. Kwenye sanduku langu kuna spana yenye utepe mwekundu, ndiyo yake. Kushoto kufungua, kulia kufunga. Oili ikianza kutoka itakuchoma vidole, usishtuke. Iache imwagike yote mpaka tone la mwisho. Futa bolti, na ile pete yake nyembamba usiipoteze. Irudishe. Usiikaze kama unamkaba mwizi, bolti ina roho. Kisha mimina oili mpya kwenye tundu la juu, lile lenye kijiti cha kupimia. Chupa moja inatosha.

Usiogope. Mikono yako ni ya baba, nami nilijifunza kwa kumwibia yeye kwa macho tu.

Msalimie mama sana. Avae soksi, sakafu yenu baridi.

Kaka yako


Tarehe 10 Machi

Fundi mkuu!

Salamu kwanza, maana nikianza na habari sitarudi nyuma. Mama anakushukuru kwa godoro. (Nilipiga chafya. Akasema, "Afya, na ninyi wawili mnanidanganya.") Kidonda safari hii kina sura nzuri.

Sasa, kaka, NIMEBADILISHA OILI.

Jumapili mchana nilivaa ovaroli lako la kazini, lile la bluu, nikalikunja mikono mara kibao. Mama nilimweka kwenye kiti mlangoni, mguu juu ya ndoo, akawa msimamizi. Kila nikishika kitu anauliza, "Hicho ndicho alichokwambia?" Nikamwambia mama, ukiendelea hivi nitakufungua wewe.

Nikaiwasha, nikaizima, nikainama. Mgongo mpaka leo unanidai. Bolti nikaiona, upande wa kushoto kama ulivyosema, kule nyuma karibu na gurudumu. Spana yako ya utepe mwekundu ikakataa, ni kubwa kwake, inazunguka tu. Nikatafuta mpaka nikapata ndogo iliyoshika. Nikageuza kushoto. Haitaki. Mama akasema, "Isemeshe." Nikaisemesha maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa kuwa afande anasoma. Ikaachia!

Oili ikatoka, na wewe ulinitisha bure, haikunichoma hata kidogo. Ilikuwa kidogo sana, kaka, haijafika hata kikombe cha chai, na rangi yake kama asali. Nilidhani itakuwa nyeusi tii. Ilinuka tu vibaya, kama yai viza. Mama akasema, "Ona mkwe alivyojitunza, damu yake safi." Nikafunga, nikamimina chupa nzima ya mpya juu, mpaka tone la mwisho.

Nilipoiwasha tulipiga vigelegele, mama na mimi, mpaka jirani akatoka. Inatoa moshi mwingi mweupe kwa nyuma, nadhani ni ile oili inazoea. Sauti ya kukwaruza haijaisha, lakini imebadilika kidogo. Jumatatu tumekwenda hospitali nayo, tukarudi. Nilipita kwa makusudi mbele ya yule fundi wa kona nikiwa nimenyoosha shingo.

Moshi huo ni wa kawaida, sivyo? Nijibu ukipata nafasi.

Chiriku, fundi mdogo


Tarehe 19 Machi

Chiriku,

Leo sisalimii. Acha kuiendesha skuta. Hapo hapo unaposoma. Kama iko nje, iache nje.

Ulifungua bolti isiyo yenyewe. Ziko mbili, zote upande wa kushoto. Moja iko chini ya injini yenyewe, kubwa, na hiyo ndiyo ya spana nyekundu. Nyingine iko nyuma karibu na gurudumu, ndogo, na hiyo ni ya oili ya gia. Uliyoimwaga ni ya gia. Ndiyo hunuka hivyo. Ndiyo maana ilikuwa kidogo, ndiyo maana rangi yake ya asali. Ile chafu ya injini bado imo, na juu yake umeongeza chupa nzima. Injini imezidiwa, ndio moshi huo. Lakini moshi si kitu. Gia ndizo zinazunguka kavu, chuma kwa chuma. Zitasagana mpaka zikamate, na zikikamata gurudumu la nyuma litagoma ghafla na skuta iko kwenye mwendo.

Usimpandishe mama. Mbebe mgongoni, muazimie toroli, lolote.

Sikukwambia kuwa ziko mbili. Ningekuambiaje? Kwangu ni kama kumwambia mtu ana miguu miwili. Kwenye mchoro zilikuwa mbili.

Nimemwomba afande barua hii itoke leo. Kasema mkaguzi yuko likizo, zote zinamsubiri. Nimemwomba simu. Kasema zamu yangu bado. Nimemwomba tena.

Kaka


Tarehe 16 Aprili

Kaka,

Salamu. Barua yako imefika.

Skuta imekufa. Ilikamata kama ulivyosema. Tulianguka. Mimi nimechubuka kiwiko na goti, kumeshakauka.

Mama amepumzika. Mguu haumsumbui tena, tumeacha kwenda hospitali. Usiwe na wasiwasi juu yake, wewe shikilia rufaa yako.

Huku mvua zimeanza. Kwa dobi mashuka hayakauki.

Mdogo wako


Tarehe 2 Mei

Chiriku wangu,

Salamu nyingi, na leo zina miguu ya kuchezea. Niliposoma "tulianguka" roho ilinitoka, niliposoma "kiwiko na goti" ikarudi, nikakaa chini pale pale kwenye foleni ya uji, wenzangu wakanivuka. Kumbe mguu wa mama umepona! Ule ulioshinda madaktari wote! Ningejua ningemwambia aanguke mapema.

Skuta ni chuma. Isukumie nyuma ya nyumba ioze. Usilie juu yake hata kidogo.

Mimi humu nimepata kazi. Wana trekta la shambani lililokufa kabla sijazaliwa, nami ndiye daktari wake. Ninapolala chini yake nasahau niko wapi. Rufaa inakwenda, mwambie mama. Mwambie avae soksi, kupona si sababu ya kukanyaga saruji ya baridi.

Ila barua yako ilikuwa fupi. Chiriku amemeza nini? Safari ijayo muulize mama maneno yake mwenyewe, uniandikie kama anavyoyatamka, usiyanyooshe. Nina hamu na kugombezwa.

Kaka yako


Tarehe 8 Juni

Kaka,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa, kazi nyingi.

Mama anasema usijali, anakuombea, na ufanye kazi kwa bidii.

Mdogo wako


Tarehe 25 Juni

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na haikunichukua muda, unajua ilivyo.

Mama yetu hajawahi kuniambia nisijali. Siku naondoka, pingu mkononi, aliniambia, "Funga kifungo cha shati, watu wanakutazama." Maneno uliyoyaandika ni ya kadi ya dukani.

Sasa narudia barua yako ya Aprili. "Amepumzika." Nilikuwa na njaa ya habari njema, nikala bila kutafuna.

Niambie. Mimi ni mtu mzima, na hapa nilipo siwezi kukimbilia popote. Niambie wewe, nisije nikaambiwa na mgeni.

Kaka


Tarehe 20 Agosti

Kaka,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Leo naituma itakavyokuwa.

Mama hayupo. Alifariki Machi, mwisho wa mwezi. Tumemzika karibu na baba.

Ilikuwa Alhamisi, tunatoka hospitali. Nesi alikuwa amemsifu, kidonda kimefumba, akamwambia arudi baada ya mwezi. Mama alifurahi kama mtoto aliyefaulu. Kofia ya kuendeshea tuliyokuwa nayo ni ile yako moja. Kila siku nilikuwa namvalisha yeye, siku ile akakataa. "Vaa wewe, wewe ndiye dereva. Mimi nataka upepo, leo nimepona." Tukashika ule mteremko. Alikuwa amenikumbatia kiunoni, anasimulia. Skuta ikaanza kulia, si kukwaruza, kulia. Mama akanisemea sikioni, "Mkwe kanuna leo." Nikacheka, kaka. Nilikuwa bado nacheka gurudumu lilipokamata.

Mimi nilidondokea upande. Yeye alirushwa kwenye ukingo wa barabara. Sikuona damu nyingi. Nilimfuta vumbi usoni nikawa namwambia amka, twende, tumekaribia. Hakuzungumza tena. Alifia kitandani, hospitali ile ile, baada ya nesi yule yule kumpokea.

Barua yako ya kunizuia ilinifikia watu wameshatawanyika msibani. Niliifungua mlangoni, pale alipokuwa akikaa. Nikaisoma nimesimama.

Polisi waliandika ajali. Wakanipa pole, wakaondoka. Na aliyekuja kuiokota skuta, unajua ni nani? Yule fundi wa kona. Hakuna aliyemtuma. Aliifungua pale pale kwake, nami nimekaa kwenye tairi. Akaingiza kidole, akakitoa kikavu, kina unga wa chuma. Akakifutia kwenye suruali. Akasema, "Hili litabaki hapa, dada. Sitamwambia mtu. Hukujua." Kisha akanisindikiza mpaka nyumbani.

Hukujua! Mtu ambaye hakutaka kugusa chuma chako, mimi akanishika mkono. Nilitamani anitemee mate.

Sikukuandikia kwa sababu ya rufaa. Nilijisemea, kaka atoke kwanza, nitamwambia uso kwa uso. Hiyo ni sababu niliyokuwa nayo mchana. Ukweli ni kwamba, kadiri wewe ulivyokuwa hujui, kulikuwa na mahali pamoja duniani ambapo mama anaambiwa avae soksi.

Watu wananiita maskini, kafiwa na mama. Wananiletea chakula. Nakipokea, nafunga mlango, namwaga. Wewe ulipata hakimu, kaka. Alikuita kwa jina, akataja ulichofanya mbele za watu, akakupa miaka, na miaka hata ikiwa mingi ina mwisho. Mimi sijapewa kitu. Nihukumu wewe. Unajua kazi hii, na aliyekufa ni mama yako. Nipe chochote.

Mimi


Tarehe 11 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta chini ya trekta. Sikutoka mpaka waliponivuta miguu.

Nina hasira na wewe, na nitaisema, maana nikiimeza itaota. Nimemsalimia marehemu tangu Machi. Nilikaa kwenye foleni ya uji nikicheka kwamba mguu wake umepona. Ulininyima msiba wangu. Watu walilia, mimi natengeneza kabureta. Leo ndio nimeanza, na kilio cha peke yako baada ya miezi yote hiyo hakina hata mtu wa kukupigapiga mgongoni. Wenzangu selo moja walikaa nami. Mmoja ni mwizi wa ng'ombe, hajui kusema pole. Alinishika tu kisigino mpaka asubuhi.

Na mimi nikwambie langu. Rufaa ilitupwa Januari, kabla hujaniandikia ile barua ya kwanza. Nilimficha mama, nikasema atakufa kwa uchungu. Wewe ukanificha mama kwa ajili ya rufaa. Tumefichana maiti mbili, ndugu wawili, kwa mapenzi.

Hukumu uliyoniomba sina. Nimeitafuta. Nilitaka kukwambia si wewe, ni mkaguzi wa barua, ni likizo yake, ni mimi na bolti niliyosahau kuitaja. Yote ni kweli, na hayatakusaidia, najua, kwa sababu kwenye kesi yangu pia wapo waliojaribu kuigawa lawama yangu hivyo, kwa mwenye basi, dereva, barabara. Uliifungua kwa mkono wako. Hilo halitoki. Miaka waliyonipa wala hailiondoi, usinionee wivu. Nilidhani hakimu akimaliza kusoma nitapungua uzito. Nilitoka na uzito ule ule, na pingu juu yake.

Nakuomba mambo. Niandikie nguo aliyozikwa nayo. Niandikie nani alimwosha, na nani alibeba upande wangu. Usinyooshe kitu.

Na jingine nikwambie, kwa kuwa hukuwepo. Nilipokuwa mahabusu, kabla hawajanileta huku mbali, niliacha kula. Nilisema watu wale wote wamekufa, mimi nile kwa kinywa gani. Mama akaja. Alipewa ruhusa ya kusimama kwenye nondo. Alikuwa na bakuli na kijiko, na alikuwa ameshasikia kila kitu, majina ya marehemu yote yalisomwa redioni. Hakuniuliza habari za breki. Siku ile hakuuliza, wala siku nyingine yoyote. Alipenyeza kijiko katikati ya nondo akasema, "Panua." Mtu mzima na ndevu zangu, askari wanatazama. Nikapanua. Akanilisha mpaka bakuli likaisha, akafuta kidevu changu kwa kanga, akaondoka.

Mimi mkono wangu haufiki huko. Kama ungefika nisingekuandikia barua ndefu.

Chakula wanachokuletea, usikimwage. Kaa chini. Ukimaliza niandikie, hata kama ni neno moja, umekula nini.

Kaka yako